Kidole Gumba cha Papa Déo

Déogratias Kitenge, ambaye majirani zake wa Shituru, mjini Likasi, humwita Papa Déo, ni mtu wa daftari. Miaka ishirini na tisa alifanya kazi ya zamu kiwandani, na kila saa alisoma joto la matangi ya asidi na kuliandika, hata pale ambapo hakuna mkubwa ambaye angekuja kuangalia. "Kama hauandike, haukufanya," aliwaambia vijana, nao walimcheka, lakini waliandika.

Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Alikaa hospitali miezi miwili, akarudi na fimbo, mguu wa kuburuta, na kidole gumba kilichomtii siku kilipopenda chenyewe. Kwaya ya parokia, aliyoiimbia besi tangu hajaoa, akaiacha. Watu walijitolea kumbeba mpaka kanisani, akakataa katakata. Ana kiburi chake mzee huyu, na nani hana?

Sasa kwaya hiyo ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na misa ya Jumapili ingeonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni ya mji. Mkewe, Hortense, ambaye yeye humwita Mama Tina kwa jina la binti yao, ndiye aliyechaguliwa kuimba zaburi. Kumbe shetani hakosi pa kupitia: Jumatano rimoti ya nyumbani, ile iliyonunuliwa baada ya Hortense kusema ya kwanza imepotea, ilitumbukia kwenye beseni la maharage yaliyolowekwa, ikafa palepale. Televisheni yenyewe ilikuwa juu ukutani, mkono wa Papa Déo haufiki. Hortense angeweza kumwashia kabla ya kutoka, lakini umeme wa Likasi tunaujua sote. Ukienda na kurudi, televisheni hubaki na kitaa chekundu tu, inangoja mtu aiamshe.

"Kama hauwezi kuwasha weye peke yako, minye siende," akasema Hortense. "Bataimba bila minye."

"Utaenda, Mama Tina. Nenda uniletee télécommande ku marché."

Ijumaa akamletea kutoka sokoni rimoti moja ya zile zinazosemekana kukubali televisheni zote duniani. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi yenye maandishi madogo kama chawa: majina ya televisheni, na kila jina na namba zake za tarakimu nne. Ilitakiwa kubana vitufe viwili kwa pamoja kwa sekunde tano, kuingiza namba, kisha kujaribu kuwasha. Namba ikikataa, unaanza upya na inayofuata.

Papa Déo alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Hii ilikuwa kazi anayoijua! Akafungua daftari, akasoma jina lililong'aa chini ya kioo cha televisheni, zawadi aliyochangiwa na wenzake alipostaafu, akanakili namba zake zote kwa mkono wa kushoto, tarakimu zimelala kama walevi. Zilikuwa thelathini na moja. Kitufe kimoja alikibana kwa kidole cha kushoto, cha pili kwa gumba la kulia. Namba ikikataa, anaikata kwa mstari. Jumamosi mchana alikuwa amezikata zote. Akarudia tangu mwanzo. Akazikata tena zote.

Akafunga daftari, akauweka mkono wa kulia mapajani na kuutazama.

"Haiko télécommande, Mama Tina. Ni hii kidole. Inaachia mbele ya wakati. Ilikufa, na minye nilikuwa najidanganya."

Hortense, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, akamsikia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na yeye alikuwa ameficha tangu mwaka jana. Akaacha mboga.

"Papa Tina, haiko kidole. Ni minye. Wakati ulikuwa ku hôpital, courant ilienda, ikarudia na nguvu, televizyo ikaungua. Gracien, ule réparateur, akatosha carte ya mundani, akatia ya marque ingine. Nilinyamaza juu docteur alisema tusikukasirishe."

"Na télécommande ya kwanza? Ile ulisema ilipotea?"

"Haikupotea. Ilikataa carte mupya."

Papa Déo alikasirika, tusidanganyane. Kwa siku mbili alikuwa amekitukana kidole kisicho na kosa! Alifungua mdomo agombe, akaitazama televisheni yake ya heshima, jina lile lile usoni, na tumboni mgeni. Mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Inje njo ile ya zamani, mundani ni ingine," akasema. "Basi iko sawa na minye!"

Hortense akapanda kiti na tochi ya simu. Nyuma ya televisheni fundi Gracien alikuwa ameandika kwa kalamu nene jina la kampuni ya kadi aliyoitia. Papa Déo akaanza ukurasa mpya, akanakili namba za jina hilo. Namba ya kwanza ikakataa. Ya pili ikakataa. Ilipofika ya sita, gumba la kulia likabana bila kuachia, na chumba kikajaa sauti ya mtangazaji anayenadi sabuni. Hawakuwahi kuipenda sabuni kama siku ile.

Jumapili Hortense alitoka mapema na kitenge chake cha kwaya, akageuka mara tatu kumtazama. Aliporudi alimkuta mumewe kitini, sauti imemkauka, na daftari liko wazi mezani. Akalisoma amesimama:

"10 h 22: courant imeenda. 10 h 31: courant imerudi. Nimewasha, minye peke yangu. 10 h 33: Mama Tina anaimba."

Mistari iliyobaki ilikuwa mitupu. Hortense akamuuliza kwa nini safari hii hakumaliza kuandika.

"Ningeandika namna gani?" akasema Papa Déo. "Mulifika ku kiitikio, na besi yenu ilikuwa inakosa muntu."