Birika Nililoliacha Mlangoni

Siku ile siisahau, mwanangu, na ukiniona naangalia chini ujue aibu yake haijaniisha. Ilikuwa enzi za Mwingereza, kipupwe cha Njombe kimekaza, umande umeganda majanini. Mke wangu alijifungua mimba ikiwa ya miezi saba, katika hospitali ya misheni, kisha homa ikamlaza wodi nyingine. Binti yetu, mdogo kama kifaranga, aliwekwa chumba cha pembeni, akazungushiwa chupa za maji ya moto zilizoviringishwa flana. Mama mkwe wangu ndiye aliyemlea humo.

Asubuhi nesi akaniambia, "Baba mtoto, nakwenda kwa mkeo, amezidiwa. Chemsha maji, umpelekee bibi abadilishe chupa."

Maji niliyachemsha, hilo sikukosea. Lakini sisi Wabena wa zamani, mkwe aingie chumba alimo mama mkwe? Thubutu! Hata njiani tulikwepana. Nikaliweka birika mlangoni, nikakohoa, nikarudi ukutani kungoja mtu wa kuliingiza. Hakupita mtu. Naye bibi, chupa zikiwa zimepoa, hakuweza kumweka mtoto chini. Maji yakapoa nikiyatazama. Heshima gani hiyo, mwanangu?

Mara mlango ukafunguka. Mama mkwe akanijia uso kwa uso, mtoto kifuani, midomo ya kichanga hicho imekuwa ya kijivu.

"Mkwe wangu, tukivunja mwiko tutasemwa. Huyu akifa tutamzika. Shika mwanao!"

Akamtia ndani ya koti langu, akakimbilia jikoni mwenyewe. Vile vinyayo vilikuwa baridi kifuani mwangu! Nililia mbele za watu waliotoka wodini kututazama.

Mtoto alipona, na mamaye pia. Ila habari zilipofika kwetu Makambako, watu walimsema mama yule kuwa hana haya, kamshika mkwe koti. Nami niliyejua ukweli nilinyamaza. Alikufa sijamtetea, na hilo laniuma kuliko birika.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi naongeza: hata akizaa, halei. Leo mkeo yumo humo ndani na kichanga chenu, mama yake yuko naye, nawe umesimama nje umeshika birika. Waheshimu wakwe, ndiyo, lakini heshima inayomnyima mtoto joto ni woga tu. Piga hodi, uingie. Na kesho wakimsema mkweo, usinyamaze kama mimi.

Mungu akujalie, mtoto huyo aje akuzike wewe, si wewe umzike yeye. Haya nenda, maji yanapoa.