Mkono wa Mashine ya Don Eliécer

Mkono wa mashine ya kumenya kahawa ya Don Eliécer Zuluaga haukukatika kwa sababu Nohemí Arbeláez hajui kuchora. Wanaosema hivyo hapa Chinchiná, hasa wale wanaosemea mlangoni mwa kanisa na maji ya baraka hayajawakauka vidoleni, wajue kwamba binti huyo amesomea uhandisi, na kazi ya marehemu baba yake, fundi wa vipuri, haikupata kurudishwa na mteja hata siku moja.

Ilikuwa hivi. Mkono wa zamani, wa chuma, ulipovunjika, mzee alimletea Nohemí akasema, "Nakili hivyo hivyo, mwanangu."

Nohemí alimweleza kwamba cha chuma hakinakiliwi tu kwa plastiki. Akanenepesha kiungo, akaviringisha kona, akaacha ubavu mmoja bapa ili mashine ya kuchapa vipuri vya plastiki, tabaka juu ya tabaka, iuchape umelala, tabaka zifuate urefu wake. Kwenye ubavu huo akaandika: LAZA HAPA. Alitakiwa afanye nini tena, aimbe?

Mashine hiyo ya kuchapa ilikuwa ya Wilmar, mkwe wa Don Eliécer. Wilmar aliona mkono mmoja ukilala unajaza meza nzima ya mashine. Akachapa mitano, imesimama kama mishumaa. Wa kwanza ulikatika katikati ya mavuno, na kahawa ya siku mbili ikachachia magunini.

Jumamosi wakulima walikutana kuamua kama Nohemí aendelee kuwachorea vipuri.

"Mchoro wa kitoto!" alifoka Don Eliécer.

"Wilmar," Nohemí aliuliza, "uliulaza?"

"Ulale, usimame, si plastiki ile ile?"

"Na kuni je? Si mti ule ule? Mbona ukizipasua unafuata nyuzi?"

Akachukua mmoja wa ile minne iliyobaki, akaukata gotini kama muwa. Kisha akampa Wilmar mwingine, wa mchoro ule ule, aliouchapa Nohemí mwenyewe, umelala, kwa mashine ya kuazima. "Haya, vunja."

Wilmar alisukuma, akavuta, akaiva uso.

"Taratibu, baba," Doña Rubiela, mmoja wa wakulima, alimwambia, "suruali itatangulia kupasuka!"

Watu walicheka, wakainua mikono: Nohemí aendelee. Don Eliécer alivaa kofia yake akatoka.

Kama baadaye aliomba radhi, na kama alipokelewa, hilo ni la nyumba ya Arbeláez. Halisemwi hapa.