Fundi Yunus na Neno la Mguu Mmoja na Nusu

Mtaa wa Mirongo ulikuwa na mafundi cherehani wengi, lakini aliyeweza kukupima kiuno huku akikueleza maana ya antidisestablishmentarianism alikuwa mmoja tu, Yunus Msafiri. Alisimama wima, futi shingoni, akakwambia kwamba ni msimamo wa wale wanaokataa kanisa litenganishwe na serikali. Wewe ulikuwa umekuja kupunguza suruali.

Shule aliiachia darasa la nne. Kiingereza chake kilitoka kwenye kamusi kubwa aliyoikuta kwa muuza bizari, ikichanwa karatasi moja moja za kufungia. Muuza bizari alikuwa ameanza kuchana kutoka nyuma, kwa hiyo Yunus alipoinunua ilikuwa imebaki A hadi R. Kuanzia S, Kiingereza chote kilikwishakwenda na pilau za watu.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi na mwembamba tangu alipougua utotoni. Watu wa Mirongo walikwisha kuuzoea. Yeye hakuuzoea.

Kila Jumamosi baada ya alasiri wapenda maneno walikusanyika kibarazani kwake. Mmoja aliandika neno sakafuni kwa chaki, wengine wakataja maana, na aliyeshindwa aliacha kigoda chake akakalia sanduku la chai. Mpinzani wake mkubwa, na rafiki yake mkubwa, alikuwa Josephat, karani wa mizigo bandarini.

Jumamosi moja ya mwaka 1960 Yunus aliandika floccinaucinihilipilification. Josephat alihesabu herufi kwa kidole, akapata ishirini na tisa, akarudia kuhesabu. Maana yake hakuijua.

"Ni kule kukiona kitu hakina thamani hata chembe," alisema Yunus.

"Kama anavyouona mchuzi wangu," alisema mkewe, Mwaija, kutoka ndani.

Josephat alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akachukua chaki, akaandika sesquipedalian. "Fundi, hili nakupa wewe. Ndivyo ulivyo hasa."

Yunus alitabasamu kama mtu anayejua. Wageni walipoondoka aliingia ndani kufunua kamusi, ingawa alijua fika kwamba haina S. Akalitazama neno lenyewe. Hiyo ped ya katikati aliifahamu: pedal ni ya kukanyaga kwa mguu, pedestrian ni mtu aendaye kwa miguu. Akautazama mguu wake wa kushoto. Siku mbili baadaye alifika Shimba, kijana aliyewahi kusoma seminari, kuchukua shati lake. Yunus akamuuliza kwa kuzungukazunguka.

"Hicho ni Kilatini," alisema Shimba. "Sesqui, moja na nusu. Pes, mguu. Mguu mmoja na nusu."

Jumamosi iliyofuata vigoda havikutolewa nje. Josephat alipopiga hodi aliambiwa fundi ana kazi. Alipiga hodi Jumamosi tatu, kisha akaacha.

"Baba Moza, si umuulize mwenyewe alikuwa na maana gani?" alisema Mwaija.

"Mtu akikutukana humwombi akufafanulie."

Mwaka ukapita hivyo. Ilipokaribia Desemba ya uhuru, Mwanza nzima ilitaka nguo mpya. Josephat hakujua kosa lake, ila alijua hakuna fundi mwingine wa kumshonea suti vizuri kama yeye, basi akamtuma mkewe, Tereza, na kitambaa cha kijivu na suruali kuukuu ya kupimia. Yunus alivipokea kwa adabu.

Tarehe saba Tereza alikwenda kuchukua mzigo. Koti lilikuwa zuri sana. Alipokunjua suruali, mguu wa kushoto ulikuwa umepungua inchi tano.

"Fundi, mume wangu ana miguu miwili iliyo sawa."

"Mwambie huo ni mguu mmoja na nusu. Ataelewa."

Josephat hakuelewa. Alitembea chumba kizima akiyarudia maneno hayo, mpaka akalikumbuka neno aliloliandika kwa chaki na Kilatini chake. Akaenda ofisini, akatoka na kamusi kwapani, akafika Mirongo suruali ikiwa begani.

"Soma," alisema.

Yunus alisoma kwa sauti. Neno lenye silabi nyingi; au, mtu apendaye kutumia maneno marefu. Chini yake, kwa herufi ndogo: lenye urefu wa futi moja na nusu.

"Futi," alisema Josephat. "Hiyo hiyo inayoning'inia shingoni mwako. Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungejua kwamba sijui."

"Siku ile hata sikuukumbuka huo mguu wako."

Yunus aliikunja futi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kwa hiyo umenuna mwaka mzima kwa kuitwa mpenda maneno marefu," alisema Mwaija. "Hilo ningekwambia mimi, bila kamusi."

Ikabaki suruali. Vipande vilivyosalia vilikwisha kuingia kwenye kola na mifuko, na dukani kitambaa kile kilikuwa kimemalizika. Yunus aliipima, akaipima tena, kisha akachukua mkasi na kuikata miguu yote miwili juu ya magoti.

Siku ya uhuru Josephat alikwenda uwanjani na koti la kijivu, tai, kaptura na soksi ndefu, miundi yake ikipigwa na upepo wa ziwa. Wenzake walipomuuliza, aliwajibu kwa uso mkavu kwamba ndiyo mitindo ya sasa. Kabla ya Krismasi makarani wawili wa bandarini walifika Mirongo na vitambaa vyao, wakitaka suti ya namna ile ile.