Kitako Nilichokiita Changu

Kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, nilikokulia na kujifunza useremala, kuiga hakukuwa dhambi. Ukiona kiti kizuri kwa jirani unaomba kukikalia, unakipima kwa kamba huku mkipiga soga, na wiki ijayo na wewe unacho. Mwenye kiti anacheka tu. Lakini tulikuwa na adabu moja sisi Warundi wa kambi ile: kiti kilibaki na jina la aliyekianza. Nilitengeneza viti vya mzee mmoja wa zoni ya pili mpaka nikachoka, na mteja akiuliza, namwambia hiki ni kiti cha yule mzee wa zoni ya pili. Hata alipokufa tuliendelea kukiita hivyo. Nayasema haya mapema, mtu asije akanitetea eti sikujua.

Mwaka ule nyumbani Burundi kulipochafuka tena, mimi nilikuwa ng'ambo, Louisville, napiga msasa bunduki. Ndiyo, bunduki! Mchungaji wetu alinipeleka kwa Mzungu mmoja mzee aliyekuwa na karakana nyuma ya nyumba yake. Alitengeneza vitako vya mbao vya bunduki za wawindaji, kimoja kimoja, kwa kipimo cha mwili wa mwenye bunduki. Mama yangu, aliyebaki Tanzania, akanipigia simu. "Wewe mtoto, umekimbia bunduki kwetu ukaenda kuzitengeneza huko?" Nikamwambia mimi natengeneza mti tu, chuma ni cha wengine. "Haya," akasema, "waambie hivyo hao wanyama."

Kila kitako cha mzee kilikuwa na kibonyeo chini ya mshiko, kidogo kama kijiko cha chai. Ukishika, kiganja kinatulia chenyewe, huhitaji kubana. Wawindaji walikipenda wakawa wanaagiza kutoka mbali. Siku moja, tukila mikate yetu mlangoni, aliniambia kilivyoanza. Mdogo wake alirudi kutoka vitani bila vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia, akawa hawezi tena kushika bunduki ya kuwindia. Mzee alihangaika na patasi majira mazima ya baridi mpaka akapata mahali pa kuegemeza kile kiganja. Mdogo wake aliwinda nayo miaka michache, akafa.

"Ndiyo maana nakiweka kwenye kila kitako," mzee alisema. "Mtu akikishika, ni kama anampa mkono mdogo wangu."

Nilijua, basi. Hapo ndipo panaponiuma.

Tulihama kwenda Columbus kwa sababu dada wa mke wangu alikuwa Whitehall, pembeni mwa mji huo, na alituahidi kutusaidia kulea watoto. Duka moja la bunduki mjini lilikuwa linatafuta fundi wa mbao. Wakanipa gogo, nikachonga kitako cha majaribio, na mikono yangu ikafanya ilichofundishwa, pamoja na kibonyeo. Mwenye duka alikishika, akafumba macho, akakishika tena. "Nani amebuni hiki?"

"Ni mimi," nikasema.

Sikulazimishwa. Kiingereza changu kilitosha kabisa kusema ni kitako cha mzee wa Louisville. Nilitaka tu, mara moja katika maisha yangu ya kupangiwa foleni, nitazamwe vile alivyonitazama. Tamaa mbaya jamani! Mwezi haukuisha, picha yangu ikawa kwenye mtandao wa duka: mkimbizi aliyekimbia bunduki, akabuni kitako bora. Watu wakaipenda hadithi kuliko kitako chenyewe.

Kisha mzee akanipigia. Hakufoka. Alisema mteja wake wa siku nyingi amemrudishia kitako, anadai ameuziwa kazi iliyoigwa kwa Mwafrika mmoja wa Columbus. "Mpigie mteja huyo," akasema. "Mwambie ukweli. Ni neno moja tu."

Nikamwambia nitampigia. Sikupiga. Ningepiga, mwenye duka angejua, na watoto wangu walikuwa wamebandika ile picha kwenye friji.

Tukahama tena, Buffalo safari hii, tukanunua nyumba kuukuu mtaa wa Black Rock, nikaingia kiwandani. Nilijidanganya kwamba nimeacha bunduki na mambo yameisha. Wapi! Nikishika mpini wa mlango, kiganja kinatafuta kibonyeo. Nikipeana mkono na mtu kanisani nahesabu vidole vyake, nashukuru vikiwa vitano. Siku moja nilimchongea mke wangu mwiko wa ugali. Akaushika, akaugeuza.

"Baba watoto, mbona umeuchimba hapa?"

Nilipotazama, kilikuwa kibonyeo kile kile. Sikukumbuka kuuchimba. Nikamweleza yote pale pale jikoni, sufuria ikiungua. Hakunionea huruma. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. "Jumamosi tunakwenda Louisville," akasema, "na utapiga magoti kama itabidi."

Tuliendesha siku nzima, tukapita Columbus bila kusimama hata kwa shemeji. Mke wangu alibaki garini, akasema hayo ni ya fundi na fundi. Mzee alikuwa karakanani, na kitako mbele yake kimeshapigwa mafuta. Nilipitisha kidole chini ya mshiko. Palikuwa laini, tambarare.

"Nimeacha," alisema bila kuinua macho. "Kila mteja ananiuliza kwa nini naiga kazi yako."

Nilimwambia nisamehe, mzee. Nilimwambia nitawaambia wote, duka, mteja, mtandaoni, popote. Alifuta mikono polepole kwa kitambaa.

"Ukisema sasa, watafikiri nimekulipa useme. Acha. Ni chako." Kisha akaniangalia. "Ila mtu akikuuliza ulimchongea nani, utamjibu nini?"

Nilirudisha kidole kwenye ule mshiko tambarare. Akawasha mashine, na kelele ikajaa chumba kizima. Nikatoka.

Garini mke wangu alikuwa amekunja mikono, macho mekundu. "Amekusamehe?"

Alikuwa ameomba njia nzima, huyu mwanamke. Nikamwambia, "Amenisamehe."

Jumapili iliyofuata mke wangu alisimama kanisani kwetu Buffalo kutoa ushuhuda. Alisema mume wake alimwibia mzee wa watu jina la kazi yake, akakubali kosa, akasafiri, akapewa msamaha. Kina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akafuta machozi, akaniita mbele ili kanisa lote linipe mkono.

Nikaenda.