Ubalozi wa Guyana, Kaloleni

Nilipoutafuta ubalozi wa Guyana hapa Nairobi, sikuuona. Wa karibu nilioelekezwa ulikuwa Afrika Kusini. Kwa hiyo ubalozi wa Guyana ninaoujua mimi ulikuwa mtaa wa Kaloleni, humu humu jijini, katika nyumba iliyopakana na yetu, yenye mlango wa kijani uliobambuka rangi na redio iliyopiga kelele tangu alfajiri. Balozi wake alikuwa mzee wa Kiluhya kutoka Bunyore, mstaafu wa reli, ambaye hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Nataka kumshukuru kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo nilichelewa.

Nilikuwa fundi wa ngozi katika soko la Kariokor. Mume wangu alikuja kibandani kwangu kama mteja, kijana aliyeletwa Nairobi na kazi za misitu. Akanunua ndala za ngozi, akaenda. Wiki iliyofuata akarudi, ukanda umekatika. Nikaushona. Wiki ya tatu akaja na ndala nzima kabisa akidai imekatika tena, nikajua hapa hakuna tena habari ya viatu. Nilipomuuliza kwao ni wapi akasema Guyana, nikamwomba aniambie neno la Kihispania. Alicheka. Akaniambia kwamba katika bara lote la Amerika Kusini, nchi yao ndiyo pekee ambayo lugha ya serikali ni Kiingereza, na kwamba tumo pamoja katika Jumuiya ya Madola. "Kwa hiyo sisi ni ndugu," akasema. Nikamjibu kwamba undugu wa namna hiyo hautanisaidia kwa baba.

Na kweli haukunisaidia. Baba yangu ni Mkamba wa Machakos, na alikuwa karani wa mahakama kule Makadara mpaka akastaafu. Aliona kesi nyingi mno za majirani, hata akawa hamwamini jirani yeyote. Kijana hakumficha kitu. Alimweleza kwamba kwao ni Essequibo, na kwamba jirani yao mkubwa wa magharibi, Venezuela, anadai eneo hilo lote ni lake, ambalo ni zaidi ya nusu ya Guyana. Alisema kesi iko mbele ya mahakama ya kimataifa, kule Uholanzi. Nadhani alitaka kuonyesha uaminifu. Alimwonyesha karani wa korti jalada ambalo halijafungwa!

"Mami," baba aliniambia alipokwisha kuondoka, "mimi sina ubaya na huyo kijana. Lakini nchi yake iko kortini. Kesho korti ikisema ni ya yule mwingine, wewe utakuwa mtu wa wapi? Nikifa, utarudi kunizika na pasipoti ya nani?"

Mimi ni kitinda mimba na binti wa pekee, na sijawahi kumwona baba akiogopa kitu waziwazi namna ile. Niliingia jikoni nikalia.

Sasa, kwetu Wakamba, mwanamke ambaye mbuzi wa ntheo hawajafika kwao hajaolewa, hata kama kanisa limemfungisha na picha zimepigwa. Ni mbuzi watatu, na lazima waletwe na watu, kwa sababu bwana harusi hajisemei. Watu wa mwenzangu walikuwa ng'ambo ya bahari, wakulima wa mpunga, mama yake miguu mibovu. Alipompigia simu kumuuliza afanye nini, mama huyo akamwambia: ukiwa ugenini, ukoo wako ni yule mnayepakana naye ua. Mwanawe akalishika neno hilo kama lilivyo. Jumapili moja alinunua sukari na majani ya chai, akaja Kaloleni, akaitazama nyumba yetu, kisha akapiga hodi nyumba ya jirani.

Hakujua kwamba mzee yule na baba yangu hawakuwa wamesalimiana tangu nikiwa shule ya msingi.

Chanzo kilikuwa ua. Mwaka mmoja baba alikwenda mashambani kuvuna, na huku nyuma mzee wa reli akang'oa ule ua wa miiba ya kayaba uliozeeka, akapanda mwingine upande wetu kidogo. Baba alisema umesogea hatua nzima. Mzee wa reli alisema ni unyayo tu. Kwenye kipande hicho akaotesha sukumawiki, akawa anazimwagilia maji kwa madaha baba akiwa amekaa kibarazani. La kuchekesha ni kwamba hakuna kati yao aliyemiliki hata kokoto ya pale. Nyumba ni za kaunti, zamani za baraza la jiji, na wote wawili ni wapangaji. Mama yangu na mke wa mzee hawakuambukizwa ugonjwa huo. Walitoboa tundu kwenye miiba, na humo zikapita chumvi, kiberiti na habari zote za waume zao.

"Umemwomba nani?" nilimuuliza mwenzangu.

"Jirani yenu. Amekubali papo hapo."

Bila shaka amekubali, niliwaza. Amepata nafasi ya kuja kumkera baba ndani ya nyumba yake.

Lakini mzee aliichukua kazi ile kwa uzito ulionishangaza. Kila Jumamosi alimkalisha kijana sebuleni, pamoja na wazee wawili wa kanisa lake, kati ya vile vitambaa vya kufuma vilivyofunika kila kiti. "Reli haikukubali mtu auze tikiti ya stesheni asiyojua iko wapi," alisema. "Lete hiyo ramani." Kijana akafungua simu, na wazee wakajifunza. Mashariki Suriname, kusini Brazili, magharibi Venezuela, kaskazini bahari. Mji mkuu Georgetown, ambako nchi za Karibiani zimeweka makao makuu ya jumuiya yao. Walitaka kujua jeshi lao lina watu wangapi.

"Wachache," alijibu kijana.

"Kwa hivyo mnaishi aje na jirani mkubwa hivyo?"

"Tunatafuta marafiki kabla hatujawahitaji. Na karatasi zetu hatuzipotezi."

Mzee akamwomba arudie sentensi ile ya kwanza.

Siku ya ntheo ikafika. Kwa desturi mambo hayo hufanyika mashambani, lakini goti la baba lilikuwa limemkataza safari, kwa hiyo wajomba zangu wakaja Nairobi. Ujumbe ulitoka mlango wa kijani, ukazunguka hadi barabarani ili uonekane umetoka mbali, ukaingia langoni kwetu na mbuzi watatu kutoka soko la mbuzi la Kiamaiko. Mbele alikuwa mzee wa reli, suti ya kahawia na kofia. Baba alipomwona alianza kuinuka. Mama, ambaye nina hakika alikuwa akijua kila kitu kupitia lile tundu, alianzisha wimbo wa kanisa hapo hapo, na wanawake wote wakaupokea. Huwezi kumfukuza mgeni katikati ya ubeti. Baba akakaa.

"Hii ni hodi ya mbali," mzee alisema wimbo ulipokwisha. "Sisi ni ujumbe kutoka Guyana."

"Guyana gani hiyo iliyo na mtu wa Bunyore?" baba alifoka. "Wewe nakujua."

"Unamjua jirani yako. Yeye leo hajaja. Amekuja balozi."

Mjomba mmoja alijikohoza kuficha kicheko. Baba akakunja mikono akaanza kumhoji kama shahidi. Nchi yenu inapakana na nani? Mzee akajibu bila kukosea. Mnaelewana?

"Na wengine vizuri. Na mmoja tuko kortini. Anadai zaidi ya nusu ya nchi, na kwa kina kijana ni humo humo ndani. Sitakuficha."

"Na unataka nimtoe binti yangu aende kukaa kwa shamba la kesi?"

"Wewe ulikuwa korti," mzee alisema. "Ni wewe ulifundisha huu mtaa kwamba mwenye haki anaenda kwa hakimu, hachukui panga. Hii nchi ni ndogo. Ingetaka kupigana ingemalizwa. Imeita marafiki zake wasimame nyuma yake, imebeba karatasi zake, imeenda kwa hakimu. Na ikingoja bado inaongea. Viongozi wao waliketi meza moja na wa huyo jirani, wakaahidiana hakuna atainua mkono. Sasa mtu kama huyo ni wa kuogopwa, ama ni wa kuheshimiwa?"

Baba alitazama goti lake. Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni na shangazi zangu, nikichungulia.

"Na yule anayesogeza ua mwenzake akiwa safari," baba aliuliza polepole, "huyo korti gani inamshika?"

Mzee wa reli alivua kofia.

"Kama balozi sina ruhusa ya kutoa hata shubiri ya nchi ya watu," alisema. "Lakini hapo umeuliza jirani yako, na jirani yako amenituma. Anasema alisogeza. Na alijua anasogeza. Chukua kipande chako."

"Mimi sikuwahi kutaka hizo sukuma," baba alisema, na sauti yake haikuwa ile ya korti. "Nilitaka tu uje useme."

"Nimekuja."

"Umechelewa sana."

"Nilikuwa sijapata visa."

Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, kisha nyumba nzima. Baba alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika goti. Lakini alipofuta macho alirudi palepale alipokuwa na hofu yake, na nampenda kwa hilo. Alitaka kujua: huyu mtoto akikwama huko? Na mimi nikifa?

"Akikwama, abishe kwangu," mzee akasema. "Atarudi kukuzika. Hiyo nitasimamia mwenyewe."

"Na wewe ukitangulia?"

"Hiyo kazi utashika wewe."

Walipeana mikono. Tulipotoka nje kuwapokea mbuzi rasmi, tulikuta wamefungwa kwenye ua, nao wakati wa mazungumzo yale yote wamekula sukumawiki zote za kipande cha ugomvi, zimebaki vishina. Wazee wawili wakasimama bega kwa bega wakiangalia. Ua wenyewe uling'olewa baadaye, na haujapandwa tena.

Nilikwenda Guyana. Nimeishi kwa watu wa mpunga na mito mipana, kwa mama mkwe asiyeniruhusu nibebe ndoo. Katika duka la kijijini watu huzungumza habari za kesi kama sisi tunavyozungumza mvua, bila kupiga kelele na bila kuisahau. Baba alikuwa hanisalimu kwenye simu kabla ya kuuliza, "Kesi imefika wapi?" Nikimwambia bado, alisema, "Waambie wasichoke." Nyuma yake nilisikia redio ya jirani, na sauti ya jirani ikidai apewe simu, kwa kuwa balozi hapaswi kupata taarifa za nchi yake kutoka kwa karani. Nilimwahidi kwamba nikija nitamletea picha ya mto Essequibo aitundike sebuleni, ili ofisi ifanane na ofisi.

Picha ile nilikuja nayo, lakini nilikuja kwenye msiba wake. Nilipita uwanja wa ndege na pasipoti yangu ya Kenya, na hakuna aliyeniuliza chochote.

Ibada ya kumuaga ilifanyika ukumbini Kaloleni, mchana, kabla ya mwili kusafirishwa kwenda Bunyore. Mwongozaji aliita makundi moja baada ya jingine. Wakasimama wa familia, wa kanisa, wa reli. Alipoita majirani, mtaa mzima ulisimama, na mama yangu akaenda mbele akamshika mkono mjane. Baba alibaki amekaa kando yangu, mikono juu ya fimbo, akitazama sakafu. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliumia. Nilidhani ule ua umeota upya moyoni mwake nikiwa mbali.

"Kuna kundi limebaki?" mwongozaji akauliza.

Baba alinishika bega akainuka. Tulitembea pamoja hadi mbele, polepole kwa sababu ya goti, nami nikiwa nimebeba ile picha ya mto.

"Mimi nasimama kwa niaba ya Guyana," alisema.

Watu wachache walicheka, halafu wakaona uso wake wakaacha.

"Hiyo nchi haina ofisi hapa. Ilikuwa na huyu. Aliniahidi binti yangu atarudi kunizika. Binti yangu amerudi, amekuja kumzika yeye. Tumeshukuru."

Nilidhani tumemaliza, nikamgeuza twende kukaa. Baba akauondoa mkono wangu. Mtu yule aliyepita karibu na jirani yake miaka yote ile bila kufungua mdomo aliinamia jeneza, akaweka kiganja juu ya ubao, akamsalimu kwa Kiluhya cha kwao:

"Mulembe, jirani."