Muziki Ukae Chini, Mama Anasema

Shule niliachia darasa la tatu, lakini masikio sikuyaacha huko. Kwa hiyo mtu asiniambie video ni kitu cha macho. Mama yangu alikuwa kipofu, na video ya harusi ya binti yangu niliitaka kwa ajili yake.

Miaka hiyo ya tisini, mtu wa video alikuwa na duka hapa Suna. Harusi yenyewe ilikuwa Homa Bay, kwa wakwe. Watu wameshiba, bendi inapiga, mama akainua mkono. Kwetu hiyo ni pakruok: ukitaka kujisifu au kumsifu mtu wako, unatupa kitu kwenye beseni na muziki unashuka, mpigaji apende asipende. Mama akatupa, bendi ikashuka, akasimama na fimbo yake.

"Mimi ndiye ng'ombe mweusi wa Suna, chui ananisalimia kwa mbali! Huyu mjukuu wangu ni mvua ya kwanza. Mkimkimbia, mtalala njaa!"

Watu wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo, kila asubuhi ni swali moja: "Kanda imekuja? Nataka kujisikia."

Kanda ikaja. Mama akakaa karibu na televisheni, sikio mbele. Kinanda alichobandika mtu wa video kikaanza, tiri-tiri-tiri. Magari yanafika, tiri-tiri. Maarusi wanaapa, tiri-tiri. Halafu nikamwona mama mwenyewe amesimama, mdomo unafunguka na kufungika kama wa ngege aliyetolewa majini, na kinanda kimemkalia juu.

"Bado sijafika?" akauliza.

"Umeshapita, mama."

"Nimepita wapi? Hii si ni redio!"

Nikaenda dukani na hasira yangu yote.

"Mama, harusi ni muziki," mtu wa video akaniambia. "Watu wa siku hizi hawataki makelele ya wazee."

"Makelele?"

"Halafu kanda si ugali, eti unamega kipande. Nikigusa hapo katikati, narudia kila kitu mpaka mwisho. Mathe, enda nyumbani. Picha yake si iko?"

"Picha ataiona na nini?"

Akanionyesha tu ile kanda ya kamera, yenye sauti ya mama bila kinanda. Ilikuwa kwenye boksi la safari. Jumapili anaenda kupiga harusi Oyugis, na angerekodi juu yake. Basi. Mama angefutwa na keki ya watu wengine.

Sikulia. Nilirudi nyumbani nikamfunga mama leso yake nzuri, nikamshika mkono, tukaja wawili.

Tulimkuta anatengeneza harusi nyingine, kinanda kinalia kwenye spika kubwa, kidole kwenye kile kitufe cha kusukuma sauti juu na chini. Mama akasimama mlangoni akasikiliza. Akafungua fundo la leso, akatoa sarafu, akaitupa mezani, ngwe! Kisha akainua mkono.

Yule kijana wa video alizaliwa Mbita, pakruok ameiona tangu akiwa mgongoni mwa mamake. Mkono wake ukaenda wenyewe. Ukavuta kitufe chini, muziki ukashuka, duka likanyamaza.

"Sema, dani," akasema, kama mjukuu kwa nyanya yake. Halafu akautazama mkono wake kama umemsaliti.

Dani akasema. Ng'ombe mweusi, chui, mvua, yote, mpaka wapita njia wakasimama. Alipomaliza akapiga fimbo chini: "Sasa pandisha."

Akapandisha.

"Unaona?" nikamwambia. "Mkono wako unajua. Watu wakitembea, muziki upande. Mtu akifungua mdomo, muziki ukae chini. Wewe ulitaka sisi ndio tukae chini."

"Mama, mmenimaliza," akasema, na akaitoa ile kanda kwenye boksi la Oyugis.

Kanda ya pili ilipokuja, nyumba ilijaa majirani. Kinanda kikaja na magari, kikapanda. Bendi ikapiga, ikashuka, na ndani ya televisheni yangu mama akanguruma. Mama wa kwenye kiti akapiga paja.

"Huyo mama anajua kusema! Rudisha."

Nikarudisha. Akasikia, akacheka, akasema rudisha tena. Jirani mmoja akanung'unika kwamba yeye alikuja kuona keki ikikatwa.

"Keki ingoje," mama akamwambia. "Mimi nimengoja zaidi."

Nikarudisha.