Mti wa Krismasi wa Karoni

Leo nimepita kwa fundi seremala hapa Gongoni, na harufu ya mbao mbichi za msonobari imenirudisha karoni kwetu, pale uani tulipooshea vyombo, kwenye ule mti tuliouita wa Krismasi. Majani yake yalikuwa laini kama manyoya ya kifaranga, na vitunda vyake vya mviringo vilinata vidoleni.

Kiangazi cha kwanza tangu tuhamie pale, mti uligeuka rangi ya kutu ukapukutisha majani yote. Miombo hupukutika, hilo tulilijua. Mti wa Krismasi, hapana. Mama akamshuku jirani yetu, bibi muuza maandazi aliyewahi kulalamika kwamba unamzibia jua.

“Yule kaumwagia kitu. Nisisikie mtu anamwamkia!”

Basi tukawa tunampita kimya, naye ametulia na karai lake, anatutazama.

Mvua za kwanza zikanyesha, matawi yakachipua kijani kibichi. Kumbe nao ulikuwa wa kupukutika kama miombo. Mama aliyatazama, akaingia ndani.

Asubuhi nikakutana na bibi mlangoni kwake. Nikafungua mdomo, shikamoo ikaishia ulimini.

“Marahaba, mjukuu wangu,” akaitikia.